Sekunde 11 zilizokosekana kwenye kanda ya mjomba

Kanda yenyewe ilikuwa nyeusi, imeandikwa kwa kalamu ya wino "Bach – selo" basi, hakuna jina la mpigaji, hakuna mwaka, hakuna chochote. Mjomba aliirekodi kutoka redioni, na yeyote aliyewahi kurekodi redioni anajua inavyokuwa, unabonyeza batani wakati mtangazaji ameshamaliza kutaja majina, kwa hiyo unabaki na muziki mtupu usiojua wa nani. Upande A ulikuwa na Suiti ya 1, upande B Suiti ya 5, kati ya zile 6 ambazo mtunzi Bach aliandika kwa selo peke yake, ile ala kubwa ya nyuzi inayopigwa kwa upinde; suiti ni mfululizo wa vipande, na cha kwanza huitwa Preludi. Nimeisikiliza hiyo kanda tangu nikiwa mdogo hadi ikaanza kuvuma kama upepo, na karibu kila kitu nilichokuja kukijua baadaye kuhusu kukusanya rekodi na kuzilinganisha kilianzia pale, kwa sababu nilitaka kujua kitu kimoja tu: huyu mtu ni nani.

Kuna jambo lingine kuhusu kanda ile. Siku moja redio iliila. Mjomba akaitoa taratibu, akakata kipande kilichojikunja kwa wembe, akaunga kwa selotepu, ikaendelea kucheza. Kovu likabaki kwenye Preludi ya Suiti ya 5. Hiyo Preludi inaanza polepole, nzito, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo mgongoni, alafu inafika mahali inatulia, na baada ya hapo inaingia sehemu ya pili ya haraka ambayo sauti moja inakuja peke yake kama swali, inajibiwa na nyingine, na nyingine tena, na zote hizo anazipiga mtu mmoja kwenye ala moja. Sasa kwenye kanda yetu hakukuwa na kutulia wala swali. Mzigo uko mgongoni, bado anapanda, alafu chwap! tayari tuko katikati ya mbio. Mimi nilidhani ndivyo Bach alivyoandika. Tena nilikuwa naipenda ile chwap, nilikuwa naisubiri.

Siku niliyomsikia mpigaji mwingine akiipiga hiyo Preludi nilikasirika kabisa, nikaona kaongeza vitu vyake. Nakumbuka nilizima. Ilinichukua muda kuelewa kwamba yeye hakuongeza kitu, ni mimi niliyekuwa na shimo.

Naanza na hili kwa sababu nadhani ndo jambo kubwa kuliko yote kwa mtu anayekusanya rekodi za muziki wa klasiki. Rekodi ya kwanza kuipenda haikai kichwani kama rekodi, inakaa kama muziki wenyewe. Mwendo wake unakuwa ndo mwendo sahihi, pumzi zake ndo pumzi sahihi, hata kasoro zake zinakuwa sehemu ya utunzi. Wengine wote wanaokuja baada yake unawapima kwa kumwangalia yeye, na unakuta kila mmoja ana haraka mno au amelala mno. Mazoea yana taabu kweli. Watu wengi wanasema wanalinganisha rekodi ili wapate iliyo bora, lakini mimi kazi niliyoifanya miaka yote hii ilikuwa nyingine, ilikuwa kuubandua muziki kutoka kwenye ile sauti ya kwanza iliyoung'ang'ania.

Niliyeanza naye kwenye msako ni Pablo Casals, maana kila mtu alinielekeza kwake. Huyu Mkatalani ndiye wa kwanza kurekodi suiti zote 6, kati ya 1936 na 1939, baadhi London na baadhi Paris, na sehemu kubwa ya muda huo nyumbani kwao Hispania vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vinawaka. Suiti ya 2 na ya 3 alizirekodi Novemba 1936, anakaribia miaka 60, na muziki huu alikuwa nao tangu ana miaka 13 alipookota nakala yake kwenye duka la vitu vilivyotumika Barcelona. Nilijua tangu sekunde ya kwanza kwamba sio mtu wa kanda yetu. Casals anakata upinde kama mtu anayeongea na wewe uso kwa uso, anasisitiza neno, anaacha neno, wakati mwingine sauti inakwaruza na yeye hajali. Mtu wetu alikuwa anaimba. Nilimweka Casals pembeni, na leo najua nilimweka pembeni kwa sababu ya kijinga kabisa, kwamba sio yeye niliyekuwa namtafuta.

Baadaye nikaja kupata rekodi hizohizo za Casals zilizosafishwa na watu tofauti na nikashangaa, yaani ni upinde uleule, siku ileile, lakini utadhani wapigaji wawili. Santuri za zamani zina mchakacho. Anayezihamishia kwenye sidii anaweza kuufuta mchakacho, ila mchakacho na makali ya upinde vinaishi mtaa mmoja, ukifukuza kimoja unafukuza na kingine. Toleo lililofutwa sana lina Casals mlaini, kama anapiga nyuma ya pazia. Lile lililoachwa na mchakacho wake, ukivumilia dakika 2 masikio yanauzoea, alafu anatokea mtu mzima mbele yako, na unasikia hadi vidole vinapotua kwenye nyuzi. Kwa hiyo mtu akiniambia hampendi Casals huwa namuuliza kwanza, umemsikia kwenye toleo lipi.

Nikaendelea. Nikapata Starker, nikapata Rostropovich ambaye 1991, akiwa karibu kutimiza miaka 64, alienda kuzirekodi zote kwenye kanisa la kale la Vézelay huko Ufaransa, na unalisikia hilo jengo, kila noti inapanda juu na kurudi. Nikampata Yo-Yo Ma, huyu karekodi mzunguko mzima mara 3, toleo la kwanza 1983, la pili 1997, la tatu 2018. Ukizipanga hizo tatu ukasikiliza Preludi ya Suiti ya 1 mfululizo unamsikia mtu akikua. Alafu Anner Bylsma, Mholanzi, aliyerekodi 1979 kwa selo ya mtindo wa kale, akarudia 1992 kwa selo iliyoundwa na fundi Stradivari mwaka 1701. Mtu ni yuleyule, muziki uleule, ala ndo imebadilika, na ala ikibadilika mkono nao unabadilika.

Hapo ndo nikaanza kujiuliza swali la maana zaidi, mbona wanatofautiana kiasi hiki wakati wote wanasoma noti zilezile? Jibu likanifurahisha sana. Hawasomi noti zilezile. Nakala ya suiti hizi kwa mkono wa Bach mwenyewe haipo, imepotea. Kilichobaki ni nakala za watu wengine, maarufu zaidi ni ya mkewe Anna Magdalena, na ile mistari ya kuonyesha noti zipi zipigwe kwa mvuto mmoja wa upinde aliiweka kwa haraka, mahali pengine huwezi kujua imeanzia noti gani na kuishia gani, na nakala nyingine zinasema vingine. Kwa hiyo kwenye kipimo cha kwanza kabisa cha Suiti ya 1 (vipimo ni vile vipande vidogo ambavyo muziki ulioandikwa hugawanywa), mmoja anaunga noti 3, mwingine 4, mwingine anazoa 8 kwa mvuto mmoja, na hakuna anayeweza kumwambia mwenzake kakosea. Kwenye Suiti ya 5 Bach alitaka hata uzi wa juu kabisa ulegezwe ushuke kutoka A hadi G, kuna wanaotii na kuna wanaoacha uzi ulivyo, na sauti ya selo nzima inabadilika kwa uamuzi huo.

Mimi nilichagua sehemu yangu ya kupimia na sijaiacha mpaka leo. Preludi ya Suiti ya 1 ina vipimo 42, na kwenye kipimo cha 22, yaani njia ikiwa nusu, noti zote zinazotiririka zinasimama kwenye noti moja ya D yenye alama ya kushikilia. Ni pumzi moja tu. Lakini weka watu 10 pale uone. Kuna anayeigusa na kupita kama anaogopa kuchelewa. Kuna anayekaa hadi unajiuliza kama sidii imekwama. Kuna anayeifinya sauti ife polepole na kuna anayeivimbisha. Na ukisikiliza vizuri, jinsi alivyosimama pale inakuambia atakavyoipiga nusu ya pili, ule mpando mrefu wa mwisho wa noti zinazopanda hatua kwa hatua huku uzi mmoja ukirudiarudia chini yake. Kwa mtu anayeanza kulinganisha ningemwambia aachane na kusikiliza kazi nzima mara kumi, achukue sehemu ya sekunde 20 akae nayo. Masikio hayana kumbukumbu ndefu ya sauti, ukifika mwisho wa simfoni ya saa nzima umeshasahau ya kwanza ilianzaje.

Na asawazishe volumu. Hili watu wanalipuuza na linawadanganya kila siku. Rekodi iliyopaa kidogo tu kuliko mwenzake itakuvutia zaidi, utasema ina uhai, ina joto, kumbe imezidi kelele. Mimi namwomba mtu anichezee bila kuniambia nani ni nani, naandika kwenye daftari, alafu ndo natazama. Daftari langu limenifundisha adabu. Kuna jina moja kubwa ambalo nilikuwa nalisifia kwa watu na kila nikilisikia gizani naliandikia vibaya, mara 3 mfululizo.

Sasa turudi kwenye msako maana ndo uliniingiza kwenye habari ya saa. Nilidhani njia rahisi ni kupima muda, nichukue Preludi ya kwenye kanda, nihesabu sekunde, nitafute rekodi yenye sekunde hizohizo. Nikaandika muda wa kila mpigaji. Hakuna uliolingana.

Muda wa rekodi ni kitu cha kutazama kwa jicho la pili. Chukua mpiga piano Glenn Gould na Goldberg Variations za Bach. Alizirekodi 1955 New York, jumla ni dakika 38 na kitu. Akarudi studio ileile 1981, mwaka mmoja kabla ya kufa, jumla dakika 51. Mtu akiona namba hizo atasema huyu bwana alizeeka akapunguza mwendo, na kweli Aria ya mwanzo kaipunguza sana, lakini 1955 aliziruka marudio zote, yaani pale noti zinapoagiza sehemu ipigwe tena, na 1981 baadhi kazirudia, kwa hiyo sehemu ya tofauti ni marudio tu wala sio mwendo. Alafu chukua Adagietto, ile sehemu ya polepole kwenye Simfoni ya 5 ya mtunzi Mahler, pale hakuna marudio ya kuruka, saa inasema kweli. Nawataja waongozaji watatu wa okestra. Mengelberg 1926 anatumia dakika 7 na kidogo. Bruno Walter 1938 hajafika 8. Haitink na okestra ya Berlin, 1988, anakaribia 14. Mara mbili! Mengelberg na Walter wote walimfahamu Mahler na kufanya naye kazi. Unaweza kusema santuri za enzi hizo upande mmoja ulibeba dakika 4 na kitu tu kwa hiyo labda waliharakishwa, na mimi nililifikiria hilo, lakini wote wawili wanaipiga kama barua ya mapenzi, haina dalili ya mtu anayekimbizwa. Nikiwa nimelelewa na ile ya taratibu inayolia kama msiba, siku niliyomsikia Mengelberg nilikaa kimya muda mrefu. Ilikuwa tena ni kovu la kanda, ila safari hii kovu lenyewe lilikuwa huzuni.

Kilichonifungulia mlango ni habari ya Joyce Hatto. Alikuwa mpiga piano wa Uingereza, na kwenye miaka yake ya mwisho zilitoka rekodi zaidi ya 100 kwa jina lake, za watunzi wagumu wote, na wahakiki wakazisifu mno. Alifariki 2006. Mwaka 2007 mtu mmoja akaingiza sidii yake ya Liszt kwenye kompyuta, na kompyuta ikaandika jina la mpigaji mwingine, László Simon. Watu wakaanza kuchunguza, wakalinganisha mawimbi ya sauti, ikaonekana rekodi moja baada ya nyingine ni za watu wengine, na nyingine zilikuwa zimechezewa mwendo, zimevutwa au zimebanwa kidogo zisitambulike. Mumewe, ambaye ndiye alikuwa anazitoa, akakiri. Habari hii inaniumiza hadi leo, kwa sababu ya wale wapiga piano wasiojulikana waliosifiwa kwa jina la mtu mwingine, wakati walipotoa kazi zao wenyewe hakuna aliyegeuka.

Lakini lile neno, zimechezewa mwendo, likanigonga. Nikaitoa kanda ya mjomba. Nikafungua programu ya kutyuni kwenye simu, nikacheza mwisho wa Preludi ya Suiti ya 1 ambapo selo inatua kwenye G. Sindano haikukaa kwenye G. Haikukaa kwenye G shapu pia, noti inayofuata juu yake. Ilikaa katikati kabisa, kwenye nafasi ambayo sio noti. Wapigaji wa ala za kale hushusha A kutoka mitetemo 440 hadi 415, lakini hiyo ni nusu hatua nzima kwenda chini, na sisi tulikuwa juu, na tena sio nusu hatua, ni nusu ya nusu. Hapo nikajua ni mashine. Redio ya mjomba ilikuwa inavuta kanda polepole wakati wa kurekodi, kwa hiyo kwenye mashine nzima inatoka haraka, kama asilimia 3 hivi. Miaka yote hiyo nilikuwa namtafuta mtu ambaye hayupo, mwenye mwendo mwepesi kidogo na selo ang'avu kidogo kuliko alivyokuwa.

Nikaihamishia kanda kwenye kompyuta, nikaipunguza asilimia 3, nikavaa hedifoni. Sauti ikashuka, ikawa nene, ikawa na kivuli. Nikamjua hapohapo kabla hata ya kupanga mawimbi, maana nilikuwa naye kabatini miaka 3. Pierre Fournier, Desemba 1960. Nilimnunua mapema kabisa kwenye msako, nikamsikiliza, nikaandika kwenye daftari "mzuri, mpole, mweusi mno, sio yeye" nikamrudisha kwenye rafu.

Mfaransa, aliyezaliwa 1906, alianza na piano na akapata polio utotoni, miguu ikawa shida kwa pedali ndo akahamia selo. Upinde wake hauna pupa. Hata kwenye ile noti ya D ya kipimo cha 22 hafanyi tamasha, anasimama kama mtu aliyefika mlangoni na kukumbuka kitu, alafu anaendelea. Nilimjua maisha yangu yote na sikumtambua kwa sababu ya asilimia 3.

Nilipanga mawimbi ya kanda juu na ya sidii chini yake, na yakakaa pamoja, kila kilima juu ya kilima chake, hadi kwenye Preludi ya Suiti ya 5 yalipoachana. Nikapima hilo pengo. Sekunde 11. Kanda ya kaseti hutembea sentimita 4.76 kwa sekunde, kwa hiyo mjomba alikata nusu mita na kidogo na kuitupa. Na sitamlaumu kwa kuunga kwa selotepu, kukata na kuunga kuko kila mahali kwenye rekodi hizi tunazoziabudu, ukiona vyaelea vimeundwa. Gould aliunga vipande bila kuficha. Ile Simfoni ya 9 ya Beethoven aliyoiongoza Furtwängler kule Bayreuth, Ujerumani, tarehe 29 Julai 1951, ambayo vizazi viliisikiliza kama tamasha moja lisiloguswa, ilipotoka kanda ya redio ya Bavaria mwaka 2007 ilikutwa sio rekodi ileile, na mabishano ya ipi ni tamasha lenyewe na ipi imechanganywa na mazoezi yakaanza.

Nikampigia mjomba. "Shikamoo mjomba, nimempata mtu wa kanda." "Marahaba mjomba wangu. Mtu gani?" Nikamweleza, jina, mwaka, habari ya redio yake kuvuta polepole. Akacheka kidogo, akauliza, "Na pale palipokatika, pana nini?"

Nikamwambia asubiri. Niliweka simu karibu na spika. Nilikuwa nimeshazisikia hizo sekunde 11 kwa Casals, kwa Starker, kwa Rostropovich, kwa Bylsma mara mbili na kwa Ma mara tatu, ila kwa huyu nilizisikia mara moja tu, siku nilipoandika sio yeye. Akapanda ngazi na mzigo wake. Akafika pale ambapo mimi nilikuwa naruka. Hakuruka, akashuka taratibu hadi noti za chini, akautua mzigo, kukawa na kimya kidogo cha chumba, alafu ile sauti moja ikaingia peke yake, nyembamba, karibu bila nguvu, ikauliza.

Mjomba hakusema kitu. Niliiacha icheze.